Ladaiti hakuogopa mashine

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Poa. Leo nna neno moja tu, ladaiti. Siku hizi ukisema hutaki hii akili mnemba kazini kwako unaitwa ladaiti, yani mshamba, muoga wa mashine. Mi nasema wenyewe wa kwanza wamesingiziwa, ngoja niwaambie.

Twende Uingereza, Nottinghamshire, 1811. Mafundi soksi wanavamia usiku na kuvunja mashine za kufumia, barua za vitisho zinasainiwa Jenerali Ludd, saa nyingine Mfalme Ludd, eti makao yake msitu wa Sherwood, kulekule kwa Robin Hood, yule mwizi wa hadithi. Hakuna aliyewahi kumwona. Ilisemwa tu kuna kijana Ned Ludd wa Leicestershire alipandwa na hasira zamani akapondaponda mashine, basi jina likabaki, wafuasi wakaitwa ladaiti.

Sasa hapa ndo patamu. Ile mashine ya soksi haikuwa mpya! William Lee aliibuni 1589, ina miaka 200 na ushee, na hao wavunjaji ndo walikuwa wanaiendesha kila siku, wanaijua kuliko tajiri. Walichokataa ni soksi za vipandevipande zinazofumuka upesi, na kuletewa watu ambao hawajafundishwa kazi, na ujira kushuka, halafu vyama vya wafanyakazi vimeshapigwa marufuku, we ungeenda kulalamika wapi? Na hawakuvunja ovyo, tajiri anayelipa vizuri mashine zake waliziruka.

Yorkshire nako mafundi wa kunyoa vitambaa vya sufu walikuwa na nyundo kubwa ya kuvunjia mashine wakiiita Enoch, jina la mhunzi Enoch Taylor, na huyohuyo ndo alikuwa anatengeneza na zile mashine za kunyolea walizozivunja! Wakawa wanasema Enoch kazitengeneza, Enoch atazivunja. Mi hapo hucheka kila mara.

Serikali haikucheka. 1812 ikapita sheria kuvunja mashine ya kufumia ni kunyongwa, mshairi Byron akasimama bunge la malodi akaipinga, hotuba yake ya kwanza kabisa mule, wasimsikilize. Januari 1813 pale York wakanyongwa watu 17, wengine kwa kesi ya kumuua mwenye kiwanda mmoja, Horsfall.

Kwahiyo mjomba wangu asiyetaka simu ya tachi sio ladaiti, yule hataki tu kuombwa hela. Enhe, dada pale, una swali?