Magadi Kutoka Bennu

KITWANA: Wasikilizaji, karibuni. Mimi ni Kitwana, na mwenzangu ni yule yule, dada Rehema, mwalimu wa jiolojia. Leo tunaongea magadi. Dada, ulivyoniandikia jana nikadhani tumehamia kwenye mapishi.

REHEMA: Magadi haya haya ya kulainishia maharage, bwana. Ni madini kamili, kitaalamu yanaitwa trona: sodiamu kaboneti, baikaboneti na maji, vimeshikana kwenye fuwele moja. Januari 2025 watafiti walitangaza kwamba wameyakuta kwenye mawe ya Bennu.

KITWANA: Bennu ni ile asteroidi, jiwe la angani linalozunguka jua, ambayo Wamarekani waliipelekea chombo.

REHEMA: Ndiyo hiyo. Lundo la mawe na changarawe, upana wake karibu nusu kilomita. Chombo chao, OSIRIS-REx, kiliondoka duniani 2016, kikaigusa Bennu Oktoba 2020, kikakwapua changarawe kidogo, na kapsuli ikatua kwenye jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023. Mzigo ulipopimwa, gramu 121.6.

KITWANA: Miaka saba, halafu haifiki hata robo kilo?

REHEMA: Na kifuniko nacho kikagoma! Vifungio 35, viwili vikakataa katakata. Mafundi wa NASA, shirika la anga la Marekani, kule Houston wakatengeneza vifaa vipya, wakaja kukifungua Januari 2024.

KITWANA: Mie ningetafuta nyundo.

REHEMA: Ungeharibu kazi yote. Mzigo ulikuwa ndani ya kisanduku kilichojaa nitrojeni, na hawakutaka hewa yetu iuguse. Hilo la hewa ndilo nataka tulishike leo, maana bila hilo magadi yasingeonekana.

KITWANA: Enhe, fafanua.

REHEMA: Chumvi nyingi za namna hii haziwezani na unyevunyevu. Zinanyonya maji, zinayeyuka, zinageuka kuwa kitu kingine. Kimondo kikianguka leo, kikinyeshewa, au kikakaa tu kabatini miaka mia, kinabadilika kimyakimya. Chukua Orgueil, kimondo kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864. Ndani yake kulikuwa na mishipa myeupe ya salfeti, aina ya chumvi, na kwa muda mrefu watu waliisoma kama alama ya maji yaliyopita ndani ya jiwe likiwa bado angani. Baadaye ikabainika kwamba salfeti ile, kwa sehemu kubwa, imezaliwa hapa hapa duniani.

KITWANA: Yaani walikuwa wanasoma historia ya kabati.

REHEMA: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Na hapa kwetu tuna mfano unaouona kwa macho. Panda Ol Doinyo Lengai lava ikiwa imetoka karibuni. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya kaboneti za sodiamu. Haina joto kali kama lava nyingine, ni kama nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, wakati ya kawaida inapita 1,000. Inatoka nyeusi tii. Ikikutana na unyevu wa hewa, haichukui muda inaanza kupauka, mwisho inakuwa nyeupe kabisa. Madini yake makuu mawili, nyerereiti na gregoriti, yanavunjika.

KITWANA: Nyerereiti ya Mwalimu?

REHEMA: Ya Mwalimu mwenyewe. Sasa fikiria mtaalamu anafika pale baada ya mwezi, anaokota jiwe jeupe, anaandika kwamba mlima huu unatema mawe meupe. Kwa asteroidi tumekuwa mtu huyo kwa zaidi ya miaka mia.

KITWANA: Sawa, magadi yamo. Lakini yalifikaje huko? Ya kwetu najua yanatoka ziwani: Magadi kule Kajiado, au Natron upande wetu. Bennu haina hata tone la maji.

REHEMA: Bennu ni kifusi. Ni mabaki ya jiwe mama kubwa zaidi lililogongwa likasambaratika. Lile mama lilijikusanya mwanzoni kabisa mwa mfumo wa jua, kama miaka bilioni 4.5 iliyopita, huko mbali kwenye baridi, likiwa na barafu, hata barafu ya amonia. Ndani kukapata joto, barafu ikayeyuka, maji yakaanza kuula mwamba, na udongo laini wa mfinyanzi ukazaliwa; ndio umejaa kwenye mawe ya Bennu. Kisha maji yakaanza kupungua, ama kwa kukauka ama kwa kuganda, na yaliyobaki yakazidi kuwa makali.

KITWANA: Kama mashamba ya chumvi ya Saadani.

REHEMA: Hasa. Pale maji ya bahari yakipungua hayaachi kila kitu kwa mpigo. Chokaa inatangulia, jasi inafuata, chumvi ya mezani inakuja baadaye. Kwenye Bennu Tim McCoy wa makumbusho ya Smithsonian ya Marekani na wenzake, akiwemo Sara Russell wa Natural History Museum ya London, walikuta foleni ya namna hiyo: kaboneti za kalsiamu na za magnesiamu, fosfeti za sodiamu, magadi, hadi kloridi, ukoo wa chumvi ya mezani. Madini kumi na moja ya chumvi. Ni foleni yenyewe iliyonifurahisha mimi, kuliko trona peke yake. Madini moja unaweza kulieleza kwa bahati. Foleni inakwambia kulikuwa na maji yaliyokaa muda, yakabadilika hatua kwa hatua.

KITWANA: Hiyo fosfeti umeipitia haraka haraka.

REHEMA: Umenishika. Fosfeti ni kitendawili cha zamani kwenye kemia ya uhai. Inahitajika kwenye DNA, inahitajika kwenye utando wa seli, lakini kwenye maji mengi duniani iko kidogo mno, kwa sababu kalsiamu inaikamata na kuizamisha. Sasa angalia ziwa la magadi. Kaboneti ni nyingi, kwa hiyo inaiwahi kalsiamu, inaigeuza chokaa, inashuka chini. Fosfeti inabaki haina wa kuikamata, inajilimbikiza. Ndiyo maana wanakemia wanaotafuta mwanzo wa uhai wameanza kuyatazama maziwa ya Bonde la Ufa kwa jicho jingine.

KITWANA: Kwa hiyo tuseme tu: Bennu ilikuwa na uhai.

REHEMA: Taratibu, kaka!

KITWANA: Kuna vichwa vya habari vilisema hivyo, nimeviona.

REHEMA: Vilikuwepo, na viliniudhi. Kilichopatikana ni malighafi. Timu nyingine, ya Daniel Glavin wa NASA, ilikuta asidi amino 14 kati ya 20 ambazo viumbe hai wanazitumia kujenga protini, besi zote tano, yaani herufi za kemia zinazoandika DNA na RNA, na amonia nyingi. Mwishoni mwa 2025 zikaongezwa sukari, ribosi na glukosi. Orodha inavutia. Lakini asidi amino huwa na maumbo mawili, la kushoto na la kulia. Viumbe hai wa dunia hii wanajenga protini zao kwa la kushoto. Za Bennu ziko karibu nusu kwa nusu. Huo ni mkono wa kemia tupu.

KITWANA: Hapo nimekuelewa.

REHEMA: Tena ni pigo kwa wazo moja la siku nyingi. Vimondo kadhaa vya zamani vilionyesha la kushoto likizidi kidogo, watu wakasema labda ndiko tulikorithi ushoto wetu. Bennu, iliyotunzwa vizuri kuliko vyote, haiungi mkono. Wazo halijafa, ila linachechemea.

KITWANA: Na hii chumvi iko Bennu peke yake?

REHEMA: Hapana. Ryugu, asteroidi nyingine ambayo Wajapani walileta gramu zake kama 5.4 mwaka 2020, nayo imeonyesha kaboneti za sodiamu. Chombo cha Dawn kiliziona kwenye kreta ya Occator, ile yenye madoa meupe kule Ceres, sayari kibete. Chombo kingine, Cassini, kikazionja kwenye chembe za barafu zinazorushwa na Enceladus, mwezi wa Zohali. Ninavyoona mimi, maji ya magadi ni jambo la kawaida huko nje. Sisi ndio tulikuwa hatuna chombo safi cha kuyaletea.

KITWANA: Kuna msikilizaji wa Tunduma ameuliza kama kimondo cha Mbozi kinafanana na Bennu.

REHEMA: Mbozi ni chuma, ukoo mwingine kabisa. Lakini ameuliza kutoka mkoa wenyewe! Huko huko Songwe, upande wa Ziwa Rukwa, kuna Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo pale, kama gramu 700 tu. Ni cha kundi adimu, ambalo muundo wake unakaribiana na ule wa jua ukiondoa gesi. Kundi hilo duniani kote linaitwa CI, na herufi hiyo I ni ya Ivuna. Ryugu ilipochunguzwa, ikaonekana ndugu zake wa karibu ni kundi hilo.

KITWANA: Na Ivuna watu walikuwa wanapika chumvi tangu zamani.

REHEMA: Karne nyingi, waakiolojia wamechimba wakakuta mabaki ya kazi hiyo. Sadfa tu, lakini naipenda.

KITWANA: Sasa mtu wa Ivuna leo akiona jiwe limeshuka shambani kwake, afanye nini?

REHEMA: Awahi kabla ya mvua. Asilioshe, asilipasue, asilishike kwa mkono mtupu. Alifunge kwenye karatasi safi ya aluminiamu, aliweke pakavu. Apige picha kabla ya kuliokota, aandike mahali na saa. Halafu awataarifu wataalamu wa miamba.

KITWANA: Na sumaku? Watu wengi wanajaribu na sumaku.

REHEMA: Asiiguse! Jiwe huwa na kumbukumbu hafifu ya usumaku wa zamani, na ukilisogezea sumaku mara moja tu umeifuta. Kipande kikubwa cha Ivuna kiko London, kimefungwa ndani ya nitrojeni. Mwenye shamba hana nitrojeni, lakini jiwe likae pakavu.

KITWANA: Msikilizaji wa Tunduma, umejibiwa. Wiki ijayo hatuhami Rukwa, tunashuka chini ya ardhi kuitafuta heliamu.