Vikapu vya Kushoto, Vikapu vya Kulia

Mbukwenyi! Wazazi, walimu wenzangu, asanteni kwa kufika na jua hili la Dodoma.

Nianze na kikapu. Katika kitengo chetu cha elimu maalumu, mwanafunzi mwenye usonji au ulemavu wa akili huwekewa vikapu vitatu kushoto mwa meza yake. Cha kwanza kina, tuseme, vizibo vya soda vya kutenganisha kwa rangi. Akimaliza anakihamishia kulia, anavuta cha pili. Kushoto kukibaki patupu, anapumzika. Haulizi "bado?", maana kazi iliyobaki anaiona. Utulivu wa namna hiyo sijawahi kuupata kwa fimbo wala kwa kupiga kelele. Na meza isitazame barabara, jamani. Bodaboda moja ikipita, kipindi kimekwenda.

Wageni huniuliza, huu ni mchezo au somo? Mimi naona ajira. Kuanza bila kusukumwa, kumaliza, kugeukia inayofuata: hicho ndicho anachokitafuta mwenye mashine ya kukamua alizeti. Kijana wangu mmoja, kusoma kulimshinda, leo anachambua zabibu kwenye kreti, mbovu huku, nzima huku. Hachoki kabla ya wenzake.

Kinachoniudhi ni usaili. Mtu asiyeongea kwa urahisi anakalishwa mbele ya watu watatu, anaambiwa "jieleze". Mpeni wiki moja ya kazi, bandikeni ukutani picha za hatua zake, kisha mwamue. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Penye watu 100, hao ni watatu. Lakini nafasi hizo zikipatikana kwa "jieleze" tu, vijana wangu watazisikia redioni.

Kuna pia mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa watu wenye ulemavu. Waulizeni maafisa maendeleo ya jamii.

Sasa nyie wazazi, msinikasirikie. Mtoto ana miaka 14 na bado unamfunga vifungo vya shati! Mimi namfundisha kumaliza kazi, nyumbani anamaliziwa. Leo jioni mpeni vyombo: vichafu kushoto, safi kulia. Atachelewa, atamwaga maji, bibi atalalamika. Mwacheni afike sahani ya mwisho. Ila anzeni na vya plastiki.