Al Oerter na mitupo sita: mhadhara kwa makocha wa kisahani

Ndugu makocha na walimu wa michezo, leo tunamchambua mrushaji mmoja tu. Alfred Oerter, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1936, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya kisahani mara nne mfululizo: Melbourne 1956 kwa mita 56.36, Roma 1960 kwa 59.18, Tokyo 1964 kwa 61.00 na Mexico City 1968 kwa 64.78. Kila fainali aliondoka na rekodi mpya ya Olimpiki.

Sasa tazameni aliowashinda. Melbourne, mwenye rekodi ya dunia alikuwa Fortune Gordien, mita 59.28, akapata fedha kwa 54.81. Roma, rekodi ya 59.91 ilikuwa ya wawili, Edmund Piątkowski wa Poland na Rink Babka wa Marekani, na wote walikuwepo. Tokyo alikuwepo Ludvík Daněk wa Chekoslovakia mwenye 64.55. Mexico, Jay Silvester mwenye 68.40. Fainali nne, na katika kila moja mwenye rekodi ya dunia yumo uwanjani na anashindwa. Hiyo si bahati, na sababu yake imo ndani ya kisahani chenyewe.

Kisahani cha wanaume kina uzito wa kilo 2 na kipenyo cha sentimita 22 hivi. Kwa umbo lake, hewa hukibeba. Upepo wa wastani unaokuja usoni mwa mrushaji, hasa ukitokea kidogo upande wa kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, hukiinua na kukiongezea mita kadhaa. Upepo wa mgongoni hukiangusha mapema. Ndiyo maana rekodi nyingi huwekwa kwenye viwanja vya wazi, siku ambayo upepo umekubali. Mykolas Alekna wa Lithuania alirusha 75.56 mwaka 2025 pale Ramona, Oklahoma, uwanja uliochaguliwa kwa upepo wake. Uwanja wa Olimpiki umezungukwa na majukwaa marefu: upepo huzuiwa, au huzunguka ovyo. Hapo unabaki na duara la mita 2.50, mitupo mitatu ya kukuingiza kundi la mwisho, na mitatu mingine ukifaulu. Mrushaji aliyejengwa juu ya upepo atakosa cha kushika.

Mexico ni mfano mzuri zaidi, na mara nyingi hufundishwa kinyume. Watu husema hewa nyepesi ya mita 2,240 juu ya usawa wa bahari ilisaidia wote. Iliwasaidia wakimbiaji wa mbio fupi na warukaji. Kisahani kinahitaji hewa ya kukibeba, kwa hiyo ikipungua, nacho hupungukiwa. Juu ya hayo mvua ilinyesha na fainali ikacheleweshwa, duara likalowa. Oerter akatoa 64.78 katika mtupo wa tatu, umbali ambao hakuwahi kuufikia kabla ya siku hiyo. Silvester akawa wa tano kwa 61.78.

Tukae kidogo na Roma, maana pale kuna somo la ufundi. Babka aliongoza kwa 58.02 tangu mzunguko wa kwanza. Kabla ya mtupo wa tano alimwambia Oerter, mpinzani wake, kwamba mkono wa kushoto haukuwa mahali pake. Oerter akaurekebisha, akapata 59.18.

Kwa nini mkono ambao haushiki kisahani uwe na uzito huo? Fuateni hatua, kwa anayerusha kwa kulia. Anaanza akiupa mgongo uwanja. Anazunguka juu ya kidole gumba na unyayo wa mbele wa mguu wa kushoto, kamwe si kisigino. Mguu wa kulia unapita kwa upana na kutua katikati ya duara, ukiendelea kuzunguka. Wa kushoto unafuata haraka na kutua karibu na ukingo wa mbele. Wakati huo nyonga lazima iwe imetangulia mabega, na kisahani kiwe nyuma kabisa. Mvutano huo kati ya nyonga na bega ndio injini. Mkono wa kushoto ukifunguka mapema, mabega huikuta nyonga, mvutano hufa, na mrushaji anabaki na nguvu ya mkono mtupu. Mtaiona dalili yake kwenye mruko wa kisahani: kinaenda kulia, au kinasimama hewani ncha juu kisha kinaporomoka. Vijana wengi huambiwa "tumia nguvu zaidi". Ni ushauri mbaya. Nguvu huzidisha kosa. Mrudishe kwenye mtupo wa kusimama, kisha nusu mzunguko, mpaka mkono wa kushoto utulie.

Kisahani pia kitoke kwenye kidole cha shahada, mwisho kabisa, kikizunguka kwa mwelekeo wa saa. Kikitetemeka hewani, ujue kiganja kilijikunja.

Tokyo watu huipenda kwa ujasiri wake: shingo yenye pingili iliyoumia ikihitaji kola ya kuishikilia, kisha gegedu za mbavu (sehemu laini zinazoziunganisha mbavu na kidari) zikachanika siku chache kabla ya mashindano. Akafungwa bandeji, akapozwa kwa barafu. Mimi nawaomba mtazame hesabu. Alikuwa wa tatu, Daněk akiongoza kwa 60.52; mtupo wa tano ukafika 61.00, na wa sita hakuurusha. Mwanariadha wenu mwenye gegedu iliyochanika asiruhusiwe kuiga hilo.

Alistaafu baada ya 1968, akarudi katika miaka ya sabini. Mwaka 1980 pale Wichita, Kansas, akiwa na miaka 43, alirusha mita 69.46, mbali kuliko alivyowahi kufika katika Olimpiki yoyote. Dhahabu ya Moscow mwaka huo ilikwenda kwa 66.64. Marekani ilisusia michezo hiyo, lakini hata bila kususia asingekuwemo: kwenye majaribio ya kitaifa nafasi zilikuwa tatu, na yeye alishika ya nne.