Mashine ya Mezani na Seva ya Ng'ambo
Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini

Waheshimiwa walimu, na ninyi vijana mliotoka Chikongola na Shangani,

Wengi husema mashine ya gemu ya mezani ina wapinzani wawili: gemu linalochezwa kupitia intaneti, na uhalisia pepe, yaani picha za kompyuta zinazomzunguka aliyevaa miwani maalumu. Leo naitetea mashine hiyo. Jana jioni nilisimama kwenye kibanda cha gemu nikimtazama kijana akipiga penalti. Kidole kiligusa kitufe cha pedi na mpira ukaondoka papo hapo, kwa kuwa mashine iliyokokotoa pigo lile ilikuwa chini ya televisheni. Gemu likichezwa kupitia intaneti bila mashine hiyo, amri ya kidole husafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyo mbali, picha hutengenezwa huko, kisha hurudi kama video. Seva ikiwa Johannesburg, kutoka hapa hadi huko, hata kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 2,000, na mwanga ndani ya mkongo wa intaneti hutumia takribani milisekunde 20 kwenda na kurudi kabla seva haijafanya lolote. Hakuna bando linalofupisha umbali huo.

Google walifungua Stadia, huduma yao ya kucheza gemu kwa njia hiyo, mwaka 2019, wakaifunga Januari 2023. Siamini kwamba ucheleweshaji peke yake ndio ulioiangusha, maana wachezaji walitakiwa pia kununua upya michezo waliyokwisha kuilipia kwingine. Lakini kasi ya chini waliyopendekeza, megabiti 10 kwa sekunde, ni gigabaiti 4.5 kwa saa, na hapo ndipo mzazi wa Mtwara anapokwama. Mikongo ya baharini ilipokatika Mei 2024, intaneti ilizorota nchi nzima, ilhali wawili walioshika pedi mbele ya mashine moja hawakuhitaji mkongo wowote. Michezo ya taratibu, kama sataranji, itafaa kuchezwa kupitia intaneti, nami naikaribisha.

Uhalisia pepe, ambao wengi huutaja kama mpinzani wa pili, kwangu ni shahidi wa mashine ya karibu. Kichwa kikigeuka na picha ikachelewa, mvaaji hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Ndiyo maana Quest 2, miwani ya uhalisia pepe ya mwaka 2020, ilibeba prosesa yake, yaani kifaa cha kukokotoa, ndani ya miwani yenyewe. Udhaifu wake ni mwingine: anayeona ni mvaaji tu, wakati kibanda huishi kwa kelele za wanaosubiri zamu yao.

Mwenye kibanda aliniuliza aweke akiba yake wapi. Nilimwambia anunue mashine ya pili, na pedi mbili za ziada.