Waziri, Jezi na Goma

Habari za mchana. Mwenyekiti amenibana kwa muda, kwa hiyo nadharia mtaikuta darasani. Nani humu ndani ni shabiki wa Arsenal? Haya, shusheni mikono, sitawacheka.

Mwaka 2018 mkono wa jezi ile ulianza kuandikwa "Visit Rwanda", tangazo la utalii la Rwanda. Mwishoni mwa Januari 2025, M23, waasi ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda, wakiingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, alikuwa New York akiliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Rwanda imetangaza vita. Hotuba kali, lakini Baraza lile limeshazoea hotuba kali kuhusu Kongo. Siku chache baadaye akaziandikia barua Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain (PSG), zote zikidhaminiwa na Rwanda: udhamini huu una madoa ya damu, achaneni nao. Hapo hata asiyeijua Goma iko wapi akaanza kuuliza.

Mimi naiona barua ile kuwa diplomasia ya hesabu kali. Bahasha iliandikwa jina la klabu, ila msomaji aliyekusudiwa ni shabiki, mwandishi wa michezo na mbunge wa Uingereza. Rwanda ilikuwa imelipia jina lake lionekane. Yeye akahakikisha linaonekana pamoja na swali.

Upande wa pili yuko waziri mwenzake wa Rwanda, Olivier Nduhungirehe. Huyu hamwachii msemaji. Hujibu mwenyewe kwenye X, hoja kwa hoja, kwamba Rwanda haiwaungi mkono M23 na kwamba tatizo ni FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo. Ulimi umewahi kumponza: Aprili 2020 alifutwa kazi kama waziri wa nchi, akidaiwa kutanguliza maoni yake binafsi mbele ya sera ya serikali. Mwaka 2024 akarudishwa, safari hii akiwa waziri kamili. Nadhani Kigali ilijua vizuri inamrudisha mtu wa namna gani.

Basi 27 Juni 2025 hao hao wawili wakakaa Washington mbele ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, wakatia saini makubaliano ya amani. Kurushiana maneno hadharani hakukuwazuia. Kila mmoja alikuwa ameshawaonyesha watu wa kwao kwamba hakulegea. Tatizo lilikuwa kwingine: M23 hawakuwa kwenye meza ile, walikuwa na mazungumzo yao na serikali ya Kongo huko Doha, Qatar. Desemba, siku chache tu baada ya marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda kukutana Washington kuyathibitisha makubaliano, M23 wakaingia Uvira, mji mwingine wa mashariki mwa Kongo.

Nimeulizwa hapa mbele: barua zilifaa? Agosti 2025 Bayern walibadili mkataba, ukawa wa kukuza vipaji vya vijana. Novemba, Arsenal wakatangaza kwamba udhamini utakoma msimu ukiisha. Siwezi kuapa kwamba ni barua peke yake. Mashabiki nao walipiga kelele. PSG, kwa upande wao, waliongeza mkataba hadi 2028. Naona mkono pale nyuma. Karibu, dada, simama tukusikie.