Akitoka Gerezani Analala Wapi? Vyumba, Viwanja na Mitaa ya Malindi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wa mitaa mliotoka Maweni, Muyeye, Barani na Kisumu Ndogo, maafisa wa probesheni, na nyinyi wenye nyumba za kupangisha, ambao ndio hasa niliotaka mje: karibuni.

Tuanze na tarehe. Kwa Sheria ya Magereza, Sura ya 90, mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja hupunguziwa theluthi ya kifungo kwa bidii ya kazi na tabia njema. Wasiopata ni wachache, kama wa kifungo cha maisha. Aliyepigwa miaka 3, asipoharibu, hutoka baada ya 2. Kwa hiyo siku yake ya kutoka inaweza kuhesabiwa tangu anapoingia. Na bado watu hutoka lango la gereza letu hapa, au la Hindi kule Lamu, pasiwe na aliyeuliza watalala wapi usiku huo. Hatuwezi kusema tumeshtukizwa.

Wengi hurudi kwa mama. Hapo ndipo ardhi inapoingia. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wadai ardhi na kuthibitisha kuwa ni yao. Isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, wengi waliachwa nje. Ndiyo maana mpaka leo tuna nyumba bila ardhi: ukuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mwingine, na unamlipa kodi ya kiwanja. Mwenye kiwanja anaweza kukuzuia usijenge kwa mawe, wala usiongeze chumba.

Sasa ichukueni nyumba ya udongo na makuti, vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja uani. Mama analala na wajukuu chumba kimoja. Vingine vina wapangaji, maana kodi yao ndiyo inayolipia kiwanja. Kijana akirudi, ama mpangaji mmoja atoke na pesa zikatike, ama yeye atandike mkeka ukumbini, wapangaji wakimruka alfajiri wakienda msalani. Hazipiti wiki nyingi maneno yakaanza. Jirani watasema familia imemkataa. Mara nyingi haikumkataa. Haina pa kumweka.

Basi apange. Tuseme chumba ni shilingi 3,000. Mwezi wa kwanza na dipoziti ni 6,000, kabla hujanunua godoro, ndoo na jiko. Mwenye nyumba anataka nakala ya kitambulisho, nacho kilipotea siku aliyokamatwa. Akiomba kazi ya ulinzi kwenye majumba ya kifahari ya Casuarina, ataagizwa cheti cha tabia njema, shilingi 1,050, na hukumu yake itaonekana humo. (Yaani analipa ili aandikiwe kosa ambalo ameshalitumikia.) Inabaki kazi ya kibarua, na chumba cha mwenye nyumba asiyeuliza kitu. Vyumba hivyo viko mitaa ileile ambako unga, yaani heroini, unauzwa kwenye kona na ambako msako wa polisi huanzia. Mitaa yenye lami na maji ya bomba inachuja watu kwa dipoziti. Michache iliyobaki inawabeba wote, kisha inaitwa mitaa ya wahalifu.

Utafiti unaotajwa sana katika jambo hili ni wa mwanasosholojia David Kirk, uliochapishwa 2009. Kimbunga Katrina kilibomoa mitaa ya New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana kule Marekani, mwaka 2005, na waliotoka magereza ya Louisiana wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Waliohamia wilaya nyingine, uwezekano wao wa kurudi gerezani ndani ya mwaka mmoja ulikuwa chini kwa takriban pointi 15 za asilimia, yaani watu kama 15 pungufu katika kila 100. Mtaa una nguvu, basi. Ila msiufanye utafiti huo amri ya kuhamisha watu. Kwetu ndugu ndiye benki, ndiye mdhamini, ndiye sahani ya jioni. Ukimpeleka kijana wa Barani Mombasa bila ndugu, umemtoa kwenye kona moja ukampa nyingine asiyoijua.

Na kwa mtumiaji wa unga, kuhama kuna hatari yake. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, imekuwa ikitolewa katika hospitali ya Malindi tangu 2015, na kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mkimpeleka Marafa ili awe mbali na maskani ya watumiaji, nauli ya kila siku itakula kibarua chote, na ataacha dozi. Akirudia unga, mwili umeshasahau: kipimo alichokizoea kabla ya kufungwa kinaweza kumuua, hasa wiki mbili za kwanza baada ya kutoka. Familia iambiwe hili waziwazi kabla hajafika.

Wanawake wana shida ya ziada: mume ameoa mwingine, na kwa kaka zao chumba kimeshagawanywa. Msiandike tu "atarudi kwa mumewe".

Maafisa, miezi mitatu kabla ya siku yenyewe fikeni nyumbani, lakini msiulize "mtampokea?" Nani atajibu hapana mbele ya mgeni? Ulizeni atalala chumba gani, na nani anakilalia sasa. Kiwanja ni cha nani, na mwenyewe amesemaje. Aliyekosewa anakaa mlango gani. Hili la mwisho husahaulika sana: kijana anarudishwa ua mmoja na mtu aliyemwibia, na mzee wa mtaa anajulishwa wakati panga zimeshatoka. Huyo mzee aonwe mapema, akae na pande zote mbili. Kitambulisho kianze kutafutwa wakati huohuo.

Wenye nyumba, ninachowaomba si sadaka. Pokeeni kodi kwa wiki, kwa sababu kibarua hulipwa kwa siku na pesa ya mwezi haikai mfukoni. Dipoziti igawanywe miezi mitatu. Awepo ndugu mmoja mdhamini, na mzee wa mtaa atie sahihi kama shahidi. Na kila malipo yaandikiwe risiti, hata ya shilingi 700, ili mkigombana mwezi wa pili kuwe na karatasi ya kusoma.