Shati la Kibarua wa Adam Smith

Ndugu zangu, walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanza na shati. Sina budi, maana bado tunaambiwa Adam Smith, mwanauchumi Mskoti wa karne ya kumi na nane, alifundisha nchi maskini zikuze uchumi kwanza, ya kugawana yatafuata. Msomeni wenyewe.

Katika kitabu chake cha 1776, anapojadili kodi, Smith anauliza: vitu vya lazima ni vipi? Anataja shati la kitani. Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri tu bila kitani. Lakini Ulaya ya siku zake, kibarua mwenye kujiheshimu angeona haya kutokea mbele za watu bila shati hilo. Kisha viatu vya ngozi, siku hizohizo: Uingereza, wanaume kwa wanawake hawawezi kuvikosa, Uskoti, mwanamume tu, mwanamke wa hali hiyohiyo huenda pekupeku na hasemwi, Ufaransa, wote wawili hawasemwi.

Mtu ataniambia kutaka shati kama la wenzako ni wivu, kibarua akishiba yatosha. Hapana! Asiye na shati haendi mkutanoni, haombi kazi, hakopesheki. Wenzake wanapoinuka, gharama ya kuepuka aibu nayo hupanda. Ujira wake ukipanda kwa kasi ndogo kuliko gharama hiyo, takwimu zitasema anapata zaidi, naye amezidi kufungiwa nje. Smith huyohuyo aliandika kuwa hakuna jamii inayoweza kustawi ikiwa walio wengi ndani yake ni mafukara. Akaongeza kuwa waajiri daima huelewana chinichini wasipandishe ujira, huku sheria ikiwakataza wafanyakazi kuungana bila kuwakataza waajiri.

David Ricardo, mwanauchumi Mwingereza aliyemfuata Smith, nitampitia haraka. Mwaka 1817 alisema swali kuu la uchumi ni jinsi pato linavyogawanywa kati ya mwenye ardhi, mwenye mtaji na mfanyakazi. Nafaka, alisema, haiwi ghali kwa sababu ya pango, yaani kodi anayolipwa mwenye ardhi. Pango hupanda kwa kuwa nafaka ni ghali. Sasa weka kiwanja cha mjini mahali pa shamba: barabara inajengwa kwa kodi ya wote, thamani inamwendea mwenye kiwanja, naye hajainua hata jembe.

Arthur Lewis, mwanauchumi mzaliwa wa kisiwa cha Saint Lucia huko Karibi, aliwarudia wakongwe hawa mwaka 1954: maadamu vijijini kuna watu tele wasio na kazi ya kutosha, ujira wa kiwandani hausogei, faida ndiyo inayokua. John Stuart Mill, mwanauchumi mwingine wa kale, naye nilimtaka, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni maswali.